Mama Alipomkaribisha Tajiri

Mama yangu hasikii. Sisemi masikio yamezeeka, la. Yalikwisha kabisa, yakaliwa na mashine za kiwanda cha blanketi kule Baba Dogo, alikofanya kazi tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, utaita hadi koo likauke. Ukimpigia kelele sikioni atakuambia uache kumtemea mate. Kwa hivyo nyumbani tumezoea kusimama mbele yake na kutamka polepole, mikono ikisaidia, na jambo likiwa refu ninaliandika kwenye simu ninampa asome. Kusoma hakujawahi kumshinda. Kusema pia hakujamshinda, ila anasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, kwa sababu hajisikii.

Tunaishi mtaa wa Lucky Summer, mimi na yeye, vyumba viwili kwenye ploti ya wapangaji wengi yenye mfereji mmoja wa nje, bomba la wote. Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule kwenye kibanda changu karibu na geti, na nina hasira za karibu, nasema mapema ili mtu asishangae. Wanawake wakikutana mferejini kufua, ndipo unajua nani amehama, nani ameolewa na nani amerudi kwao na godoro kichwani. Zamani Mama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mfereji huo, na hakuna aliyemchagua. Alikuwa na mdomo, jameni! Masikio yalipokwisha, akaendelea kufua na wenzake, wakicheka naye anacheka kwa kuchelewa, huku akiwatazama usoni. Halafu akaanza kufua jioni, peke yake, wakati mfereji hauna mtu. Jambo hilo liliniuma sana.

Kilichomtoa huko ni simu. Nilimnunulia simu ya kisasa ili awe anatazama picha za wajukuu wa ndugu zake huko kwetu magharibi, na jirani mmoja akamwekea ule mtandao ambao Wakenya hukutana kubishana. Mtandao wenyewe unaujua, sina haja ya kuutaja. Kitu nilichokuwa sijakifikiria, na ambacho Mama alikielewa siku hiyo hiyo, ni kwamba kule hakuna anayesema kwa mdomo. Kila mtu anaandika. Mcheshi anaandika, mjinga anaandika, mbunge anaandika. Mama aliingia mle akajikuta hakuna kinachompita.

Wueh! Alinenepa kwa maneno. Aliweka picha ya birika lake la chai, akajipa jina la utani, na muda si muda watu wakawa wanamwita Shosh. Wengine walikataa katakata kwamba ni bibi wa mtu. Walisema hakuna shosho anayechoma watu namna ile, lazima ni kijana wa chuo amejificha nyuma ya birika. Alibishana kuhusu siasa, kuhusu mrenda unavyopikwa, kuhusu wahubiri wenye magari makubwa. Lakini zaidi ya yote alibishana kuhusu mpira. Mama ni shabiki wa kufa wa timu ya watu wa kwetu, na alikuwa na adui wake, shabiki wa wapinzani, mtu wa mtaa wa Ziwani. Hawajawahi kuonana. Kila wikendi walichambuana kama mboga, na Mama alikuwa akimwita katoto kasikonawa uso.

Alijifunza hata Sheng, uzee wake wote ule, kwa kuisoma tu. Maneno ambayo hakuwahi kuyasikia hata siku moja alikuwa akiyatamka yalivyoandikwa, silabi kwa silabi, kwa sauti yake ile ya barabarani, na vijana wa ploti wakawa wanajipitisha makusudi mlangoni petu wakimpungia mkono ili awasalimie kwa niaje. Akarudi mferejini asubuhi. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na habari, wenzake wakawa wa kusikiliza. Nilikuwa nakanyaga cherehani yangu huku namsikia, na nilikuwa na furaha tele.

Basi ndipo yule tajiri wa ng'ambo alipokuja kuununua mtandao. Mara ananunua, mara hanunui, mara wanapelekana kortini, mwishowe akanunua. Akaingia na moto. Wafanyakazi wakafutwa kwa makundi. Alama ya heshima pembeni mwa jina, ambayo zamani walipewa wakubwa, akaifanya ya kuuzwa, hata mwizi wa kuku angeweza kuipata. Baadaye alibadilisha hata jina na nembo. Watu waligawanyika nusu kwa nusu. Wengine wakasema ameleta uhuru, wengine wakaapa kwamba wanahama. Mimi sikushangaa hata kidogo. Nimeishi kwenye ploti iliyouzwa, najua landlord mpya, mwenye nyumba, alivyo. Lazima apake geti rangi, lazima amfukuze keateka, yule mtunza ploti, na lazima akatae kupokea simu. Na wapangaji walioapa kuhama, wote utawakuta hapo hapo Krismasi ikifika.

Lakini Mama alilitazama jambo hilo kwa macho mengine. Kiwanda chao cha blanketi kiliwahi kuuzwa pia, na mwenye kukinunua alipofika, wanawake walipanga mistari getini wakamwimbia. Mama aliniambia hadithi hiyo akiwa amekaa kwenye kochi, simu mapajani.

“Tulimwimbia mpaka akashuka kwa gari akatusalimia kwa mkono,” alisema.

Nikamuuliza kwa midomo na vidole: “Halafu?”

“Halafu akatufukuza nusu. Lakini mimi sikufukuzwa. Mwenye mali akija, unamkaribisha, Mama. Akikuharibia, ni yeye na Mungu wake.”

Huniita Mama, kama wazazi wengi wanavyowaita binti zao. Nilimwambia tajiri huyo hajui kama kuna Lucky Summer duniani. Akaniangalia kama mtu asiye na adabu, nami nikaenda zangu kibandani, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na marinda yalikuwa yamelala mezani.

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu moja, kwa sababu bila hiyo utadhani Mama ana wazimu. Kwetu, mtu wako akiwa na siku ya kuzaliwa, akioa, akifuzu, hata akifariki, unaitoa picha yako kwenye simu unaweka yake. Wiki nzima unazunguka na uso wa mwenzako, na hakuna anayeuliza. Ni heshima. Ni kumwambia, leo ni siku yako, mimi nimekaa kando. Mama alifanya hivyo hivyo. Aliliondoa birika akaweka picha ya tajiri. Na kwa kuwa alihofia wengine hawatajua yule mzungu ni nani, akaondoa jina lake pia akaandika jina la tajiri, kama unavyoandika jina chini ya picha ukutani. Kisha akatuma ujumbe: “Karibu. Sisi wenyeji tuko salama. Ingia polepole, usituvunjie vitu.”

Ulichekesha watu wengi, huo ujumbe. Watu wengine nao walikuwa wakijiita jina la tajiri siku hizo, lakini kwa kumdhihaki, naye hakuupenda mchezo huo hata chembe. Jumapili tulipotoka kanisani, Mama akavua viatu, akakaa, akafungua simu. Akanipa. Kulikuwa na maandishi ya Kiingereza kwamba akaunti imefungwa kwa sababu mwenyewe anajifanya mtu mwingine.

Mungu nisamehe, nilicheka. Mama yangu, mjane wa Lucky Summer, mwenye sketi ya kanisani na miguu iliyovimba, amekamatwa kwa kujifanya bilionea! Nilicheka hadi nikashika ukuta. Halafu nikamwona usoni, kicheko kikanikauka. Nikamwandikia maana yake kwa Kiswahili. Alisoma, akasoma tena.

“Mimi? Nijifanye yeye?” aliuliza, na nadhani ploti nzima ilimsikia. “Yeye ana nini cha kunifanya nitake kuwa yeye?”

Nikaandika rufaa. Nilieleza yote, birika, desturi, kanisa, kila kitu. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini, nikajua hakuna binadamu aliyesoma. Nikaandika nyingine, kwa adabu zaidi. Jibu lile lile. Nikaandika ya tatu bila adabu. Lile lile, neno kwa neno, na “asante kwa subira yako” pale mwishoni. Subira gani? Nani aliwaambia nina subira? Nikawaza basi kwamba waliokuwa na kazi ya kusoma barua kama yangu labda nao walikuwa nyumbani kwao wakitafuta kazi.

Nilimwambia Mama nitamfungulia akaunti nyingine. Akakataa, akakunja mikono kifuani.

“Nianze upya kama mgeni? Nani atanijua? Mimi si mwizi wa kubadilisha jina.” Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo hasa lililokuwa likimkata. Timu yetu ilikuwa imefungwa siku hiyo, imefungwa vibaya. “Yule wa Ziwani atasema nimetoroka.”

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mama hakugombana, hakulia. Alikaa tu. Alikuwa akiipangusa simu kwa ncha ya leso kisha anairudisha mfukoni bila kuiwasha. Kelele yake ikapungua, na mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba ananipasua kichwa, sasa nikawa nasimamisha cherehani kuona kama atasema kitu. Halafu jioni moja nikamwona anabeba beseni kwenda mferejini. Jioni! Nikaacha sare ya watu nusu, nikaketi chini pale pale kibandani.

Hasira ikanipanda. Sijui mtu mwingine angefanya nini, lakini mimi niliwasha simu yangu, nikajifungulia akaunti yangu mwenyewe, nikaenda moja kwa moja pale tajiri anapoandika mambo yake. Kulikuwa na maelfu ya watu wakimsifu na maelfu wakimtukana. Mimi nikamwongelesha kama ninavyomwongelesha landlord. Nikamwambia: “Wewe, umenunua ploti na watu ndani. Umemfungia nje mama mzee aliyekuja kukupokea mlangoni. Alikuwekea sura yako mahali pa birika lake. Kwenu mtu akikupa heshima mnamwita mwizi? Mfungulie mlango.” Nikabonyeza. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kunywa chai.

Tajiri hakunijibu, na wala sikutarajia. Aliyenijibu ni mtu nisiyemjua, kwa Kiswahili. Aliuliza: “Samahani dada, huyo mama wa birika ni Shosh wetu?”

Alikuwa yule adui wa Ziwani. Haki ya nani! Alinieleza kwamba wamemtafuta. Mwanzo walifanya utani kwamba tajiri amemmeza Shosh, lakini alipokaa kimya hata baada ya timu yake kufungwa, utani ukaisha. Shosh hawezi kunyamaza akifungwa, alisema, ndipo huzidisha. Walikuwa wameanza kuogopa kwamba amefariki. Akaomba namba ya Mama ili ampigie amjulie hali.

Nikamwandikia kwamba kumpigia hakutasaidia, kwa sababu Mama hasikii.

Akauliza: “Ameanza kuumwa lini?”

“Si ugonjwa. Hasikii tangu kabla hamjajuana.”

Kisha akauliza kama wanaweza kuja kumwona.

Nilidhani nampelekea Mama zawadi. Nilimwendea mbio, nikamwonyesha maneno yote kuanzia juu mpaka chini. Alisoma kwa furaha, midomo ikicheza, hadi alipofika pale niliposema hasikii. Akasimama hapo hapo. Akaiweka simu yangu mezani taratibu kama kitu cha moto.

“Umewaambia?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Kwa nini umewaambia?” Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo ya ajabu. “Kule nilikuwa nasikia.”

Nililia. Naye akanipa ile ncha ya leso nijipanguse, akaniambia si kitu, lakini akaongeza kwamba sasa watamwonea huruma, na mtu akikuonea huruma hawezi tena kukubishia. Watakuwa wanamwambia ndiyo Shosh, kweli Shosh. Alisema afadhali wangebaki wakidhani amekufa.

Walikuja Jumamosi mchana. Nilikuwa nimeshapika maharagwe na nilikuwa nakanda unga wa chapati. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi na kitambaa kipya kichwani, mgongo umenyooka kama anayengoja hukumu. Aliingia kwanza mwanamume mmoja mnene, mnyoosha mabodi ya magari, ndevu zote mvi, akiwa na mkate na sukari. Nyuma yake msichana anayeuza viatu soko la Gikomba. Mama akamkazia macho yule wa kwanza, nikamwonyesha kwa kidole: ndiye wa Ziwani.

“Ala!” Mama akapaza sauti. “Kumbe ni mzee hivi! Na nilikuwa nakaita katoto!”

Yule mtu akacheka, lakini akajizuia haraka. Msichana naye akafunga mdomo. Wakakaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama watu waliokuja matangani. Mambo yakawa vile vile Mama alivyoogopa. Mzee wa Ziwani akaanza kumsemesha polepole, sauti laini, akitabasamu kila neno: “Shosh. Tumefurahi. Kukuona.” Msichana akamshika mkono akaupapasa. Mama akawa anaitikia kwa kichwa, akitazama nyuso, akitabasamu kwa kuchelewa, tabasamu lile lile la mferejini. Nilitamani kuwafukuza wote, mkate wao na sukari yao. Nikarudi kwa unga wangu nikaupiga ngumi.

Nikiwa bado naupiga, nikasikia sebule imenyamaza. Nikachungulia. Mzee wa Ziwani alikuwa ametoa simu yake, ameandika kitu, na anaielekeza kwa Mama kwa mkono ulionyooka. Baadaye nilikuja kujua aliandika nini. Aliandika: “Mabao manne, Shosh. Tajiri hakukufungia akaunti, ulijificha chini ya kitanda.”

Mama alisoma. Alimtazama. Nikaona pua yake inapanuka, na kusema kweli niliogopa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake, akaiwasha.

Mzee akamtumia mwaliko, msichana akaongezwa, wakafungua kikundi chao hapo hapo, mbali na mtandao wa tajiri, watatu ndani ya chumba kimoja, magoti karibu kugusana. Vidole gumba vya Mama vikaanza kukimbia. Mzee akasoma, akapiga paja lake kwa kishindo. Akajibu. Mama akasoma, akatikisika kwa kicheko hadi kitambaa kikateleza. Msichana akaandika kitu kirefu, macho chini, na walipokisoma Mama na mzee walitazamana kisha wakalipuka pamoja, mzee akaondoka kitini akaenda kuegemea mlango. Hakuna aliyesema neno. Kulikuwa na kimya, halafu kicheko, halafu kimya, halafu kicheko kikubwa zaidi ya cha kwanza.

Mimi chapati ziliiva, nikapanga kwenye sinia na chai, nikaja nazo. Simu yangu ilikuwa kibandani kwenye chaji. Nilisimama katikati ya sebule yangu mwenyewe, sinia mkononi, huku watu watatu wakivunjika mbavu, na mimi sijui wanacheka nini. Nikamtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Nikaanza kutabasamu kwa kuwa wao wanacheka. Nikamuuliza msichana, “Ni nini?” akanipungia mkono, akili yote kwenye skrini. Nikasubiri hapo kama mjinga.

Mama ndiye aliyeniona. Aliinua kichwa, machozi ya kicheko yakimtiririka, akanitazama usoni kwa muda. Akanipokea sinia, akanigonga begani kwa upole.

“Usijali, Mama,” akaniambia kwa sauti ya barabarani. “Nitakuambia baadaye.”

Ni maneno ambayo kila mtu humwambia asiyesikia, kanisani, mferejini, mezani, na hiyo baadaye huwa haifiki. Yake ilifika. Wageni walipoondoka alinikalisha kwenye kochi, akavaa miwani, akanisomea yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata yale ambayo hayakuchekesha.